Sakafu Iliyo Juu Yetu

Tone la kwanza lilimwangukia kaka mkononi, la pili likaingia kwenye sahani ya wali. Hakusema kitu. Aliisogeza meza kidogo kuelekea dirishani, akaenda jikoni, akarudi na beseni la bluu, akaliweka palepale ambapo zulia lilikwisha kufanya alama ya duara. Ilikuwa Aprili, Chicago, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la matofali lenye wapangaji watatu, na mvua ilikuwa haijakatika kwa siku mbili. Kilichonigusa ni namna alivyoliweka lile beseni: ndani alitandika kitambaa ili tone lisipige kelele. Ndivyo alivyokuwa akifanya bibi yetu kule Mji Mkongwe wa Unguja kila masika. Kaka ameishi Marekani miaka ishirini na kitu na mengi yamemtoka, lakini hilo halijamtoka.

Kesho yake mwenye nyumba alileta fundi, nami nikaomba kupanda naye juu.

Kabla sijasimulia huko juu, nina la kusema kuhusu neno moja. Leo ukimtajia Mswahili sakafu, hutazama miguuni. Katika Kiarabu, tulikolitoa neno hili, saqf ni kitu cha juu: paa, au dari. Neno limeshuka kutoka utosini hadi nyayoni, na waliolishusha hawakukosea. Katika nyumba ya mawe ya pwani yetu, kilicho juu ya kichwa cha aliye chini ndicho kilicho chini ya mguu wa aliye juu, na vyote hujengwa kwa boriti zilezile, kokoto zilezile na chokaa ileile, iwe ni ya ghorofa ya kwanza au ile ya mwisho inayotazamana na mbingu. Kamusi za zamani za Kiswahili ziliandika maana zote mbili bega kwa bega. Paa bapa, basi, ni sakafu ambayo mkazi wake ni mvua.

Paa la kaka nalo lilikuwa sakafu ya namna hiyo. Tulitokea kwenye kijimlango cha ngazi, tukakanyaga uwanja wa kokoto ndogo za kijivu zilizolia chini ya viatu kama ufuoni. Watu wa New York huyaita mapaa haya pwani ya lami, kwa sababu familia zisizo na nauli ya kwenda baharini zilipanda huko na mashuka na vyakula siku za joto. Msanii Faith Ringgold, mzaliwa wa Harlem, aliliweka jina hilo kwenye blanketi la viraka alilolishona na kulichora mwaka 1988, na baadaye kwenye kitabu cha watoto. Mzanzibari wa zamani hahitaji kuelezwa raha hiyo. Huko kwetu juu ya nyumba ndiko wanawake walikokwenda kupunga upepo jioni bila kuonwa na wapita njia.

Chini ya kokoto za Chicago kuna lami, chini ya lami kuna karatasi nzito iliyonyweshwa lami, kisha lami, kisha karatasi, tabaka tatu, nne hata tano, na chini ya zote mbao. Ufundi huu ulishika mizizi Marekani katika miaka ya 1840, na mmoja wa miji yake ya mwanzo ni Cincinnati, ambako ndugu wa ukoo wa Warren waliugeuza biashara. Walianza na karatasi ya kuvika meli na lami ya msonobari. Muda si muda wakaiona lami nyingine iliyokuwa ikitupwa bure: viwanda vilivyochoma makaa ya mawe ili kupata gesi ya taa za barabarani vilibaki na ujiuji mweusi usio na mnunuzi. Ukachemshwa, ukamwagwa juu ya nyumba, na kokoto zikatandazwa juu yake kuukinga na jua na cheche. Cheche hazikuwa jambo dogo katika mji wa Chicago. Moto wa Oktoba 1871 uliruka kutoka paa hadi paa.

Kwetu kipimo cha kila kitu kilikuwa boriti. Mkoko wa Rufiji au wa visiwa vya Lamu ulikatwa kwa urefu usiozidi sana mita tatu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba kama mashua: upana umeamuliwa na mti, urefu umeamuliwa na mfuko wa mwenye nyumba. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kwenda Oman, Bahrain, Kuwait na Basra, kwa hiyo sebule ya mfanyabiashara wa lulu kule Ghuba ilipimwa na msitu wa huku. Juu ya boriti yalipangwa mawe ya tumbawe, juu ya mawe likaja zege la kokoto na chokaa, sentimita ishirini, thelathini, mahali pengine zaidi. Chokaa yenyewe ilikuwa tumbawe lililochomwa juu ya tanuri la magogo, likazimwa kwa maji, likaachwa kwanza lilale ndipo litumike.

Ukiyaweka mapaa haya mawili pamoja, yanaonekana hayana undugu. Moja ni jeusi, jingine jeupe. Moja lina unene wa vidole viwili, jingine ni zito kiasi cha kupindisha miti iliyolibeba. Lakini yote yamezaliwa na moto, makaa ya mawe kule na matumbawe kwetu, na yote yamekulia karibu na vyombo vya baharini. Lile la Marekani limetoka melini moja kwa moja, kama nilivyosema. Na huku kwetu fundi wa jahazi huziba mianya ya mbao kwa kalafati ya pamba na mafuta, hupaka sifa ya papa ubavuni, na chini ya maji hupaka deheni, ambayo ni shahamu iliyochanganywa na chokaa. Jirani yake mwashi alikuwa akitumia chokaa hiyohiyo hatua mia moja kutoka hapo.

Kuna kitu kimoja mabaharia walikuwa nacho ambacho wajenzi wa lami hawakukichukua. Hakuna nahodha anayeshangaa chombo chake kuvuja. Kila mwaka jahazi hupandishwa ufuoni maji yakipwa, hukwanguliwa, hupigwa kalafati na deheni mpya, hurudi majini. Paa la mjini liliazima lami ya meli, likaiacha ratiba ya meli. Mwenye nyumba wa kaka aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa, kwamba paa hili "lilishatengenezwa" miaka kumi na minne iliyopita. Sikumlaumu sana, ndivyo alivyouziwa.

Fundi alikuwa mzee mwembamba mwenye magoti yaliyovaa vipande vya zulia. Kaka alimwonyesha mahali palipo juu ya meza ya chakula. Fundi akaitikia kwa adabu, akaelekea upande mwingine kabisa. Akatembea polepole akikanyaga kisigino kwanza, kama anayetafuta nazi changa kwenye mchanga. Mahali pengine paa lilikuwa gumu. Pengine lilibonyea na kurudi: hapo pana lengelenge, hewa na unyevu vilivyonaswa kati ya tabaka vikavimba kwa jua. Mahali ambapo kokoto zilikuwa zimefagiliwa na upepo, lami ilikuwa imepasuka vipande vidogovidogo, na jina wanaloipa hali hiyo lingeeleweka Rufiji bila mkalimani: ngozi ya mamba. Lakini hapo pote hakutoa kisu. Alikwenda kupiga magoti mita tano hivi kutoka mahali alipoonyeshwa, pale paa linapokutana na ukuta mfupi wa ukingo. Bati lililokunjwa kufunika kiungo hicho lilikuwa limeachia ukuta kwa unene wa sarafu.

"Tone linaingilia hapa," alisema. "Kisha linafuata ubao hadi likute msumari. Msumari wenu uko juu ya sahani."

Katika hili mapaa yote ya dunia yanazungumza lugha moja. Paa bapa mara nyingi halivuji katikati. Huvuja linapokutana na kitu kisichokuwa paa: ukuta, bomba la moshi, tundu la maji, nguzo ya dishi. Nyumba za Mji Mkongwe huvuja palepale, sakafu inapogusa ukingo na pale mchirizi unapotoboa ukuta kutoa maji nje. Na mchirizi ukizibwa na majani ya mkungu au kiota cha kunguru, umejenga bwawa. Hesabu yake haihitaji mhandisi: maji ya kina cha sentimita tano juu ya eneo la mita nne kwa tano ni tani moja kamili, imekaa juu ya vichwa vya walalao.

Mvua zenyewe hazilingani, na hapa ndipo baadhi ya watu huilaumu historia. Husemwa kwamba paa bapa lililetwa Unguja kutoka Oman, kutoka Muscat inayopata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka, likaangushiwa zaidi ya milimita 1,500, lingeachaje kuvuja? Ni maelezo mazuri, ila yana tundu. Magofu ya Gedi na Songo Mnara yanatuonyesha Waswahili wakiezeka kwa chokaa na tumbawe karne nyingi kabla ya sultani yeyote wa Oman kuhamia huku. Waliijua mvua yao. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alitaja nyumba za mbao zilizoezekwa majani, na akataja pia kwamba mvua ni nyingi. Yaani makuti na sakafu viliishi mji mmoja, na Lamu hadi leo utaona vikiishi nyumba moja, kibanda cha makuti kimesimama juu ya paa la chokaa kama mwavuli juu ya kofia.

Turudi kwa fundi, maana alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alibandua kipande cha lami ya zamani, ukubwa wa ukucha, akakitumbukiza kwenye chupa yenye mafuta ya kuchanganyia rangi, akaitikisa, akaiinua juani. Mafuta yalibadilika kidogo tu, yakawa na rangi ya manjano yenye ukijani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ingekuwa lami ya petroli, alieleza, chupa ingekuwa nyeusi kama kahawa. Hii ni lami ya makaa ya mawe, ya zamani, na hizi mbili hazipatani: ukipaka moja juu ya nyingine, baada ya muda kiraka huachia au hulainika na kuteleza. Waliokuja kabla yake walipaka bila kuuliza. Alinionyesha viraka vyao, vimejikunja kingo kama mikate ya jana.

Nilicheka, kwa sababu hadithi hii naijua kwa rangi nyeupe. Saruji ilipoanza kupatikana kila duka, wengi wa Mji Mkongwe waliitumia kuziba nyufa za mapaa ya chokaa. Ilionekana ni busara: saruji ni ngumu, inakauka haraka, haihitaji tanuri. Lakini chokaa ni laini na hupumua, boriti zikijaa maji huvimba na zikikauka hunywea, na sakafu hujongea nazo. Saruji haijongei. Hupasuka pembeni mwa kiraka, maji huingia kwenye ufa mpya, na kwa kuwa saruji hairuhusu unyevu kutoka, maji hayo hubaki ndani na boriti huoza kimyakimya. Paa lililokuwa likivuja kwa kelele sasa linaoza kwa adabu. Wahifadhi wa majengo ya kale wanalirudia somo hili kila mradi: chokaa kwa chokaa. Kiraka kiwe cha ukoo wa nguo.

Injili ya Marko ina sura moja yenye mambo haya yote mawili, paa na kiraka, na sijui kama kuna mhubiri aliyewahi kuyaunganisha. Katika sura ya pili kuna paa la Kapernaumu, ambalo watu wanne walilitoboa ili kumshusha mgonjwa. Na aya chache mbele, katika sura hiyohiyo, kuna onyo la kutoshona kiraka cha nguo mpya kwenye vazi kuukuu. Luka anaposimulia kisa kile hutaja vigae, lakini Marko ana paa la kuchimbwa, paa la matawi na udongo. Hakuna anayesimulia nani alilirudishia. Nadhani ilikuwa kazi ya nusu siku, na mwenye nyumba alikuwa na kila kitu karibu.

Maana mapaa ya udongo ya Palestina, Lebanoni na Uajemi yana tiba inayokaa juu ya paa lenyewe mwaka mzima: gogo la jiwe, la mviringo, lenye tundu kila upande la kutia mpini. Paa hupakwa udongo uliokandwa na makapi ya ngano. Mvua ikinyesha, udongo huvimba na kulainika, na mwenye nyumba hupanda kulisukuma gogo huku na huko hadi nyufa zifungwe. Angalia mantiki ilivyogeuka. Huko Chicago mvua ndiyo adui na fundi husubiri ikatike. Huko Uajemi mvua ndiyo inayomwita mtu kazini, kwa sababu udongo mkavu hauzibiki.

Chokaa nayo ina siri inayofanana, na lami ya makaa ina yake. Ufa mwembamba kwenye chokaa hupitisha maji, maji huyeyusha chembe za chokaa, kisha yanapokauka chembe hizo hukaa ndani ya ufa na kuufunga. Lami ya makaa hulainika kwa jua la kiangazi, ikatambaa taratibu na kujaza mikwaruzo ya majira ya baridi. Moja hujiponya kwa maji, nyingine kwa jua. Lami ya petroli haina tabia hiyo kwa kiwango hicho, na zege la saruji halina hata kidogo la kutegemewa. Kwa nini basi lami ya makaa imeachwa karibu kila mahali? Kwa sababu ya ngozi za watu. Mwaka 1915 huko Tokyo, daktari Yamagiwa Katsusaburo na msaidizi wake Ichikawa walikuwa wakipaka lami hiyo kwenye masikio ya sungura mwezi baada ya mwezi hadi saratani ikaota. Na mafundi walikuwa wakijua hata kabla ya sungura: moshi wake ukikupata na jua likakupiga, uso huungua siku hiyohiyo.

Hilo linanilazimu kusema la upande wetu pia. Sakafu ya chokaa haikumwagwa tu, ilipigwa. Watu, aghalabu wanawake, walipanga safu juu ya paa wakiwa na vibao, wakalipiga zege bichi siku baada ya siku hadi likakaza na kutoa maji, na kilichowaweka pamoja ni wimbo. Kusini mwa India, katika mapaa yanayojulikana kwa jina la Madras, boriti za msaji hubeba matofali yaliyosimamishwa ubavu na kulazwa mshazari, juu yake zege la vipande vya matofali na chokaa, nalo hupigwa kwa vibao na watu waliochuchumaa mstarini huku likinyunyiziwa maji yaliyolowekwa sukari guru na matunda ya mti wa kadukkai. Tibet, juu ya mapaa ya nyumba za watawa, udongo wa mawe uitwao arga hutwangwa kwa fimbo zenye jiwe bapa mwishoni, safu mbili zikijibizana kwa nyimbo na hatua za ngoma, kisha hung'arishwa na kunyweshwa mafuta. Bahari ya Hindi inaweza kueleza undugu wa Madras na Unguja. Mafundi na bidhaa vilivuka. Tibet haielezeki kwa jahazi. Wamefika wenyewe mahali palepale, kwa kuwa zege lisilo na saruji linataka mikono mingi kwa wakati mmoja, na mikono mingi haiendi pamoja bila mdundo.

Ila tusiusifu wimbo tukamsahau mwimbaji. Unguja ya karne ya 19 wengi wa waliopiga sakafu za matajiri walikuwa watumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897. Miongo hiyohiyo ya mwisho wa karne ndiyo mabati yenye mikunjo yalipokuwa yakienea juu ya mji, yakifunika paa moja baada ya jingine. Sababu inayotajwa daima ni kuvuja, nami siikatai. Nashuku tu kwamba paa linalohitaji mikono hamsini kila baada ya muda fulani huonekana bovu zaidi pale mikono hiyo inapoanza kuwa na haki ya kudai ujira.

Jenne, nchini Mali, wameshika njia ya tatu. Msikiti Mkuu, uliojengwa upya mwaka 1907, na nyumba zinazouzunguka ni za udongo, na udongo hausubiri mtu alalamike. Kila mwaka kabla ya mvua, chama cha waashi kiitwacho barey ton husimamia siku ya kupaka upya. Vijana hukimbia na makapu ya tope lililochachushwa na pumba za mpunga, wanawake huchota maji, mitaa hushindana. Mapaa yao bapa humwaga maji kwa mabomba ya udongo wa kuchoma yanayotokeza mbali na ukuta, kwa kuwa ukuta ukilowa umekwenda. Mtu anaweza kusema msikiti ule ni dhaifu, kwamba ukiachwa miaka michache utayeyuka. Ni kweli. Paa la kaka lina nguvu zaidi, liliachwa miaka kumi na minne likavumilia, na katika muda huo wote hakuna aliyepanda kuliangalia.

Ulaya iliingia katika mambo haya kwa kishindo na kwa kuchelewa. Mapema karne ya 20 wasanifu wa kisasa walilipenda paa bapa kwa sura yake. Le Corbusier aliiweka bustani ya juu ya paa katika kanuni zake tano za usanifu mpya, na nyumba yake maarufu ya Poissy, karibu na Paris, iliyomalizika mwaka 1931, ikawa inavuja karibu tangu mwanzo. Bibi Savoye, mwenye nyumba, alimwandikia barua kadhaa katika miaka hiyo: mvua ukumbini, mvua kwenye njia ya mteremko, na hatimaye tishio la kwenda mahakamani. Leo nyumba hiyo ni Urithi wa Dunia, kama ulivyo Mji Mkongwe wa Unguja. Ujerumani ugomvi haukuwa wa maji tu. Mtaa wa Weissenhof huko Stuttgart, ulioonyeshwa mwaka 1927 na mapaa yake bapa meupe, ulichapishwa baadaye kwenye postikadi ya kejeli ikiwa imechomekwa ngamia, simba na watu wa kanzu, na maandishi ya kuuita kijiji cha Waarabu. Jina hilo lilikusudiwa kuwa tusi. Nikiitazama picha hiyo naona watu waliopewa sifa wasizostahili: kijiji cha Waarabu kingekuwa na gogo la jiwe juu ya paa, na mtu wa kulisukuma.

Na Dar es Salaam? Kariakoo na Upanga zimejaa slabu za zege zilizobeba matangi, madishi, kamba za nguo na nondo zilizoachwa zimechomoza zikisubiri ghorofa ijayo. Nondo hizo ndizo milango ya maji. Zinashika kutu, kutu huvimba, zege hupasuka, na maji hufuata chuma hadi chumbani kwa mtu ambaye hajawahi kupanda juu. Fundi huja na mazulia ya lami ya kubandika kwa moto wa gesi, kazi nzuri ikifanywa vizuri, ila nondo haibandikiki. Methali inasema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi; kuvuja kwa slabu ni nafuu kwa fundi peke yake.

Mzee wa Chicago alimaliza kabla ya saa nane mchana. Alifagia kokoto, akakausha kiungo kwa moto mdogo, akapaka lami ya kopo ya ukoo wa makaa kwa mwiko, akatandika utepe wa nyuzi, akapaka tena juu yake hadi nyuzi zikapotea, akipitisha kidole pembeni kulainisha ukingo. Malengelenge mawili aliyapasua kwa alama ya msalaba, akayaacha yapigwe na upepo muda wa chakula, akayafunga kwa viraka vipana kuliko kidonda. Mwishoni akarudisha kokoto kwa ufagio, akachora tarehe kwa rangi nyeupe ukutani, karibu na kiraka. Nilimwuliza ni ya nini. "Ili mjinga atakayekuja baada yangu asikisie," akasema. Juu yake kidogo niliona tarehe nyingine iliyofifia, ya miaka kumi na minne nyuma, yenye mwandiko uleule.

Mvua ilirudi usiku wa tatu. Tulikaa kaka na mimi bila kuwasha runinga, beseni liko mahali pake kwa heshima tu, tukisikiliza. Hakuna kitu. Kaka alikuwa amekwisha kuliinua alirudishe jikoni wakati mlango ulipogongwa. Alikuwa jirani wa upande wa pili wa ukuta, mama mtu mzima aliyevaa kanda mbili, ameshika sufuria lililojaa maji nusu, akitaka kujua kama tunayo namba ya yule fundi.